Kituo cha Dinorwig, Wales: kipimwe kwa sekunde

Dinorwig ni kituo cha umeme kinachopandisha maji kwenye ziwa la juu umeme ukizidi, kisha kuyashusha kuzalisha umeme unapohitajika. Wanaokikosoa huanza na hesabu ya ufanisi: ukitumia yuniti 100 za umeme kupandisha maji, yakishuka unarudishiwa kama 75. Hesabu ni sahihi, ila haigusi kazi iliyofanya kituo kijengwe. Kilifunguliwa mwaka 1984 ndani ya mlima Elidir Fawr, kwenye machimbo ya zamani ya sleti (mawe ya kuezekea), ili gridi ya Uingereza, yaani mtandao wake wa umeme, iwe na pa kukimbilia mtambo mkubwa unapozimika ghafla, au watu wanapowasha birika kwa mamilioni mara kipindi cha televisheni kinapokwisha. Kwa kazi hiyo tunakipa alama za juu kabisa.

Mpangilio wake si mgumu. Juu kuna ziwa Marchlyn Mawr, chini Llyn Peris, na kati yake kimo cha takriban mita 500. Ndani ya mwamba kuna mashine sita za aina ya Francis, kila moja ikizunguka upande mmoja kama turbaini na upande wa pili kama pampu. Kwa pamoja hutoa zaidi ya megawati 1,700. Nyaya za kilovolti 400 zimezikwa ardhini kwa kilomita kama 10 ili nguzo zisiharibu mandhari.

Uhondo wenyewe uko kwenye kuwasha. Mashine iliyosimama kabisa huhitaji sekunde kama 75 kufikia mzigo kamili, na kwa gridi ambayo frikwensi yake (kasi ya mapigo ya umeme) inaporomoka huo ni muda mrefu mno. Ndiyo maana mashine huachwa zizunguke hewani. Malango ya maji hufungwa, hewa iliyoshindiliwa husukuma maji chini ya gurudumu la turbaini, na jenereta, ikiwa tayari imeungwa na gridi, huzunguka kama mota kwa mizunguko 500 kwa dakika, ikila umeme kidogo tu. Amri ikifika, hewa inaachiwa, malango yanafunguka, maji yanaingia. Zote sita zikiwa katika hali hiyo, kituo hutoka sifuri hadi uwezo wake wote ndani ya sekunde 16 hivi. Mtambo wa makaa ya mawe haufiki hapo hata ukiwa moto.

Kuzunguka hewani kuna masharti yake, hata hivyo. Mwanya kati ya gurudumu na sili zake (pete za kuzuia maji kuvuja) ni mdogo sana, na sili hizo hupozwa kwa maji. Maji hayo yakikatika, chuma hupata joto, hutanuka na kuanza kukwaruzana. Hewa nayo huvuja polepole, kwa hiyo kompresa haina likizo. Mtu anayekagua kituo cha aina hii aanzie hapo kabla ya kwenda kuangalia jenereta.

Udhaifu mkubwa tunauona upande wa pampu. Mwendo wake ni mmoja, hauongezwi wala kupunguzwa: pampu ikiwaka inachukua mzigo wake wote, zaidi ya megawati 270. Gridi ikiwa na ziada ya megawati 150 usiku wa upepo, pampu hiyo ni kubwa mno. Nant de Drance ya Uswisi, kituo cha aina hiyo hiyo kilichoanza kazi mwaka 2022, ina mashine sita za megawati 150 zenye mwendo unaorekebishika, hivyo hurekebisha mzigo hata wakati wa kupandisha maji. Anayejenga leo asikubali mwendo mmoja.

Akiba ya umeme nayo si kubwa: takriban gigawati-saa 9, kama saa tano au sita za kazi kamili. Nant de Drance ina kama 20. Betri zimeshaingia kwenye soko la majibu ya haraka (kuipa gridi umeme papo hapo), na hujibu kabla sekunde haijaisha. Ila Dinorwig ina uzito wa chuma kinachozunguka, unaozuia frikwensi isianguke kwa kishindo, na inaweza kujiwasha yenyewe gridi nzima ikiwa imezima.

Hatari kubwa ya vituo hivi ni kulijaza bwawa la juu kupita kiasi, maana pampu haijui kwamba limejaa mpaka kipimo kiseme. Huko Taum Sauk, kituo kingine cha aina hii kilichoko jimbo la Missouri, Marekani, tarehe 14 Desemba 2005, vipimo vya kina vilikuwa vimeng'oka kwenye vishikizo vyake na kusoma chini ya kina halisi. Vipimo vya dharura viliwekwa juu mno, na bwawa halikuwa na njia ya kumwaga ziada. Maji yakapita juu ya ukuta, ukuta ukabomoka. Kwa hiyo uliza mambo matatu: vipimo vimefungwaje, vya dharura vinajitegemea kweli au vinategemea kompyuta ileile, na maji ya ziada yanapita wapi. Bwawa jipya la Taum Sauk, lililorudi kazini mwaka 2010, lilijengwa kwa zege likiwa na njia hiyo ya kumwagia.