Lenzi ya sonara: uzoefu wangu na bruchi za bibi

Bibi alipofariki, mama mdogo alinikabidhi kopo la biskuti kutoka nyumbani Tukuyu. Ndani mlikuwa na vifungo, uzi na bruchi tatu zilizofubaa, yaani vipambo vya kubania nguo. Sonara mmoja hapa Mbeya mjini alizigusisha sumaku, akasema ni chuma tupu, akataka kuzichukua kwa bei ya vyuma chakavu. Nilizirudisha mfukoni kwa uchungu.

Ndipo nikanunua sokoni Mwanjelwa lenzi ndogo ya kukunja, inayokuza mara 10, kwa shilingi 18,000. Siku ya kwanza sikuona kitu. Kumbe lenzi inakaa karibu kabisa na jicho, kisha bruchi ndiyo unayoisogeza taratibu mpaka itulie.

Nyuma ya ile yenye umbo la ua palikuwa na taji, mwezi mwandamo na namba 800. Hiyo ni alama ya Ujerumani, iliyoanza kutumika 1888: katika sehemu 1,000 za madini, 800 ni fedha. Sumaku ilikuwa imenasa sindano tu, kwani sindano za bruchi nyingi ni za chuma hata mwili ukiwa wa fedha. Bibi alikulia jirani na misheni ya Rungwe, walikofika wamisionari Wamoraviani kutoka Ujerumani mwaka 1891, na moyo wangu unavutwa huko. Lakini alama inataja madini na nchi, haimtaji aliyempa bibi.

Ya pili ina nanga na simba anayetembea: fedha ya 925 iliyopimwa Birmingham, Uingereza. Pembeni kuna herufi inayoonyesha mwaka ilipopimwa, ila imelika kwa kusuguliwa. Tafadhali, msisugue bruchi za zamani kwa majivu wala dawa ya meno kabla ya kusoma mgongo wake! Ya tatu imeandikwa EPNS, yaani imepakwa fedha juu tu.

Kasoro ya lenzi ni taa yake. Betri zilikwisha ndani ya mwezi, na pembeni picha inafifia. Mimi nakaa dirishani asubuhi, ukungu ukishaondoka, na mwanga unatosha. Kwa bei ile nainunua tena bila kusita.

Jumapili nilimpa mama mdogo achungulie lile taji. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Hii ndiyo aliyobania kanga yake siku ya Pasaka.”