Glavu za laki na themanini, na jibu nililopewa dukani

Hasira haijapoa na sitaki kusubiri ipoe, maana nikishatulia nitanyamaza na wengine watauziwa. Kama unajiandaa kupanda Kilimanjaro, au una safari ya Ulaya kipindi cha theluji, na unatafuta glavu za ngozi za kudumu hapa Dar es Salaam, kaa mbali na duka la vifaa vya safari lililoniuzia mimi. Jina silitaji. Ni moja ya yale maduka yenye kiyoyozi, taa zinazomulika bidhaa, na bei isiyoshuka hata shilingi mia.

Glavu zenyewe ni zile za mchezo wa kuteleza kwenye theluji: nyeusi, nene, zina mkanda wa kukazia kifundo cha mkono. Wapandaji wengi wa Kilimanjaro huvaa hizo hizo. Uhuru ni mita 5,895, na anayetoka kambi ya Barafu usiku wa manane anakutana na baridi inayoshuka hata chini ya nyuzi 10 hasi, upepo ukiwa juu yake. Waliotangulia walinisisitizia ngozi, kwa sababu kitambaa kitupu kinaisha haraka kwenye mawe na kwenye fimbo za kutembelea.

Dukani niliuliza maswali mawili. La kwanza, hii ni ngozi kweli? La pili, ni ngozi ya mnyama gani? Hilo la pili kwangu si udadisi. Mimi ni Mwislamu, na baadhi ya glavu za kazi na za theluji zinazotoka Marekani ni za ngozi ya nguruwe. Kijana akanijibu bila kupepesa jicho: "Ngozi halisi, sister. Ya mbuzi." Kikaratasi kilichoning'inia nacho kilisema hivyo hivyo, ngozi halisi asilimia 100. Nikalipa laki moja na themanini, nikadai risiti, nikapewa.

Tulipanda njia ya Machame, kikundi chetu cha matembezi pamoja na mdogo wangu wa kiume. Siku za mwanzo glavu hazina kazi kubwa, asubuhi na jioni tu. Kazi ilianza kwenye ukuta wa Barranco, ambapo fimbo zinafungwa kwenye begi na unapanda kwa mikono, mwamba hadi mwamba. Hatujafika katikati nikaona kiganja cha kulia, chini ya kidole gumba, kinatoa maganda membamba meusi kama ya kitunguu. Yanabaki kwenye jiwe, yanabaki kwenye koti, mengine yamenasa kwenye kucha za yule aliyekuwa ananivuta. Na chini ya yale maganda hapakuwa na ngozi. Palikuwa na kitambaa cheupe cha kufumwa, nyuzi zake zinahesabika.

Kiongozi wetu, kijana wa Moshi, akaushika mkono wangu, akasugua pale kwa kidole, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, pole. Hii ni leksini." Yaani ngozi ya bandia, plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa.

Usiku wa kilele mshono wa kati ya gumba na kidole cha shahada ukaachia. Haukuwa uwazi mkubwa, ncha ya kidole inapita, lakini upepo wa kule hauhitaji mlango. Tulipokaribia Stella Point, mita 5,756, vidole viwili vya kulia nilikuwa sivisikii kabisa. Kiongozi akanivua glavu, vidole vimekuwa vyeupe, akavifunika kwenye viganja vyake, kisha akanivalisha soksi zake za akiba mkononi. Akaniambia, "Dada, hapa tunageuka. Uhuru itakusubiri, vidole havisubiri." Nikageuka. Uhuru nilikuwa naiona. Mdogo wangu akaendelea, akafika, akapiga picha pale kwenye kibao. Vidole vyangu vilirudi tulipokuwa tunashuka, na maumivu yake vinaporudi simwombei mtu, hata yule wa dukani.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike.

Niliporudi Dar nilikwenda dukani na glavu na risiti, kwa adabu kabisa. Nikamkuta kijana yule yule, na mama mmoja kwenye kaunta ambaye nadhani ndiye mwenye duka. Nikasalimia, nikaeleza. Kijana akazigeuza geuza, akasema nimezikausha kwenye moto. Nikamwambia hazijaona moto, ziliwekwa kwenye begi na mkononi basi. Akasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Nikamwambia, mdogo wangu, wewe kwa kinywa chako uliniambia hii ni ngozi ya mbuzi. Akanijibu:

"Mbuzi, ng'ombe, sasa dada, kwani ulitaka kuzipika?"

Yule mama akacheka. Hakutabasamu, alicheka, na wateja wengine wakageuka kuniangalia.

Ningerudishiwa nusu ya pesa ningeondoka. Ningeambiwa "samahani, na sisi tuliletewa hivi" ningeondoka hata bila pesa. Lakini swali langu la mnyama lilikuwa swali la imani yangu, na nililiuliza kabla ya kununua, na wao walilijibu ili wauze. Leo linageuzwa kichekesho mbele ya watu. Tena na duka ambalo hata mnyama mwenyewe halikuuza, liliuza plastiki! Nchi yenye mbuzi wote hawa, Vingunguti wanachinjwa kila siku, halafu mimi nauziwa plastiki kwa jina la mbuzi.

Kuna mtu wa karibu ameshaniambia ningezikagua vizuri kabla ya kulipa. Sikubali. Mnunuzi si maabara. Kilichoandikwa kwenye bidhaa ndicho kinachouzwa, na Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Risiti ninayo, glavu ninazo, kikaratasi ninacho. Malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC) nimeshaanza kuyaandika.

Hata hivyo, kwa kuwa maduka ndiyo haya tuliyonayo, nawapa nilichokijua, wengine msifike Stella Point na soksi mkononi.

Geuza ukingo wa glavu, mahali popote palipokatwa bila kukunjwa, hasa ndani ya mkanda. Ngozi ya kweli kwa upande wa ndani ina manyoya manyoya ya nyuzi zilizochanganyikana, haina mistari. Ukiona kitambaa cha kufumwa chenye tabaka linalong'aa juu yake, hiyo ni leksini hata kama inanukia ngozi, maana harufu inapuliziwa. Bonyeza kiganja kwa kidole: ngozi inakunjamana mikunjo midogo isiyolingana, leksini inabonyea kimya. Weka tone la maji mahali ambapo hapajapakwa nta. Ngozi italinywa taratibu na kubadilika rangi, plastiki italiacha liteleze.

Na kwa sisi wa Dar kuna ubaya wa ziada. Leksini nyingi hupakwa poliyurethani, ambayo unyevunyevu huimong'onyoa taratibu, na joto huongeza kasi. Haihitaji kutumika, inaweza kuozea ndani ya boksi. Ndiyo maana viatu vilivyotunzwa kabatini kwa ajili ya harusi vinatoa soli ukumbini. Glavu iliyokaa stoo ya mji wa pwani misimu kadhaa inaweza kuwa imeshakufa siku unayoilipia.

Kuhusu mnyama, wenzetu wa nchi za theluji hili hawalifanyii mzaha hata kidogo. Kampuni ya Hestra ya Sweden ilianza mwaka 1936 ikiwatengenezea glavu wakata miti, na glavu zake nyingi za theluji zina ngozi ya mbuzi. Kule kingo za chuma za mbao za kutelezea zinachana kitambaa, na kiganja kinashika fimbo kutwa nzima. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba kuliko ya ng'ombe lakini nyuzi zake zimeshikana sana, hivyo inakunjika vizuri na haichaniki kirahisi. Ya ng'ombe ni imara, ila ngumu mpaka izoee mkono. Ya kondoo ni laini, inapendeza kuvaa mjini, mlimani haifiki mbali. Kwa hiyo nikiuliza mnyama gani, nauliza pia itadumu vipi. Sijauliza ili nizipike.

Mdogo wangu alifika Uhuru na glavu za mtumba. Tulizinunua soko la Karume hapa Dar, elfu ishirini, kabla hata mimi sijaenda kwenye duka la taa. Mzee anayeuza pale ana rundo la nguo za baridi, makoti, buti, glavu za theluji zilizovaliwa huko Ulaya. Nilimwamkia, nikaanza kuchambua. Nikashika jozi moja ya rangi ya njano, nzuri kweli. Mzee akautazama mtandio wangu, akaichukua mkononi mwangu taratibu, akasema, "Mwanangu, hii iache. Ya nguruwe hii." Akanionyesha kwenye mwanga wa jua vitundu vya vinyweleo, vimekaa vitatu vitatu, kila mahali. Akanipa nyingine ya kahawia: "Chukua ya mbuzi, vitundu vyake vidogo, vimepangana." Sikumwuliza. Alijua mwenyewe kwamba ningetaka kujua.

Zile za kahawia zilipanda Barranco, zikafika kileleni, zikarudi na michubuko tu. Kiganja kimekuwa cheusi kwa jasho na vumbi, mshono mmoja wa kidole kidogo umelegea, fundi viatu wa mtaani kwetu ameurudia kwa uzi wa nailoni mara mbili kwa elfu mbili. Leksini alikataa kuishona. "Sindano itaikata zaidi, mama," alisema, "hapa hamna cha kushika uzi." Hata mmoja wa wagumu waliotubebea mizigo alivaa glavu za ngozi alizoachiwa na mgeni, zimepaukia vidoleni, zimeshonwa upya sehemu kibao, na anazipaka nta ya nyuki kila anaposhuka. Hizo ndizo glavu.

Nisiseme mtumba ni pepo, nitakuwa nadanganya. Za mdogo wangu sponji ya ndani ilikuwa imelala, vidole vyake vilipata baridi pia, na bila glavu nyembamba za sufu ndani asingefika. Nyingine pale Karume ngozi imekauka mpaka ukiikunja inapasuka, labda zilianikwa karibu na hita huko zilikotoka. Ngozi ikishakauka hivyo nta haiifufui. Na saizi ni bahati yako. Lazima ubaki uwazi kidogo kwenye ncha za vidole, kwa sababu glavu inayobana inazuia damu, na mkono unapoa hata kama glavu ni nene namna gani.

Na kwa haki, kuna kitu kizuri kwenye zile za laki na themanini. Bitana yake inatoka, na ni nzuri: nene, laini, inakauka haraka. Nilipoichomoa na kuiingiza kwenye za Karume ilikaa kana kwamba zilizaliwa pamoja. Kwa hiyo nilikuwa nimeanza kusema kwamba pesa yangu haikupotea yote, kwamba anayetaka ya kutembelea mji wa baridi, hashiki jiwe wala fimbo, anaweza kuvumilia. Nafuta. Laki moja na themanini kwa bitana ni wizi, na wizi unaosindikizwa na kicheko ni mbaya zaidi. Msinunue pale hata soksi.

Mimi mlimani narudi. Nitavaa za kahawia, zenye bitana mpya ndani na nta juu. Nimezitundika chumbani kwenye mfuko wa kitambaa, kwa sababu ukizifunga kwenye nailoni kwa unyevunyevu wetu huu zitaota ukungu. Wanaotaka kwenda Karume, nendeni asubuhi, siku wanayofungua robota la nguo za baridi, kabla jua halijawa kali. Mchana mikono inatoka jasho, glavu haiingii, na hutajua kama saizi ndiyo yako au siyo.