DNasi ya unga: inafaa, ila mjue kazi yake

Kama seli zako za kinga hugandana mara tu zinapotoka kwenye nitrojeni ya kugandishia, nunua kichupa hiki cha DNasi, kimeng'enya kinachokata DNA. Kama hugandana siku ya pili baada ya kuzichokoza ziamke, weka pesa zako mfukoni.

Nasema hivi kwa kuwa muuzaji aliniapia kinaondoa madonge yote. Wapi! Seli zikiyeyushwa, zilizokufa hupasuka na kumwaga DNA, nayo hunata kama mlenda. Utaiona ikining'inia kwenye ncha ya pipeti na seli zako nzima zimenasa humo. Hapo ndipo DNasi I inapoonyesha kazi. Mimi natia mikrogramu 100 kwa kila mililita, naacha dakika 15, napindua tyubu taratibu, na ule utelezi unakatikakatika. Nikipitisha kwenye chujio la mikromita 40, zinashuka bila matata.

Madonge ya baadaye ni mengine kabisa. Ukichokoza seli T, aina moja ya seli za kinga, kwa PHA (protini ya maharage), au kwa kingamwili za CD3 na CD28, protini zilizo juu ya seli hizo, zinashikana zenyewe kwa LFA-1, protini yao ya kushikania, na mimi nikiziona hivyo kwenye hadubini hufurahi: zimeamka. Ziacheni. Siku ya kuzipeleka kwenye mashine ya leza inayozipima moja moja ndipo utie kemikali ya EDTA, milimola 2 kwa lita, uvute na kurudisha kwa pipeti polepole. EDTA huiteka magnesiamu, na bila hiyo LFA-1 haina nguvu ya kushika.

Lakini DNasi nayo yaitaka magnesiamu hiyohiyo, pamoja na kalsiamu. Ukitia DNasi na EDTA kwa mpigo, umemwaga hela. Karatasi ya maelezo haisemi neno juu ya hilo, wala haikuonyi usiitikise DNasi kwa nguvu, ilhali kutikiswa huiharibu.

Mzigo ulikuja na basi la usiku kutoka Nairobi. Nilipoupokea Mwembe Tayari, hapa Mombasa, barafu ilishakuwa maji, boksi limelowa chepechepe. Bahati yake ni unga. Unga huvumilia safari kuliko ya majimaji. Muuzaji aongeze barafu, jamani, joto la huku analijua.

Ukishaichanganya igawe kidogokidogo, uiweke nyuzi 20 chini ya sifuri. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huimaliza, na stima zetu mnazijua.

Nyota nne, ya tano imeliwa na ile karatasi. Na wenye nia ya kutoa DNA kwenye seli hizohizo, hii si yenu.