Tahadhari: fundi wa kabureta anayepita majumbani na "SU mpya kutoka Uingereza"

Asalaam aleikum wenzangu wenye magari ya zamani hapa Unguja. Naandika na hasira bado sijazimeza, munistahamilie.

Nina Morris Minor ya marehemu baba ya 1966, injini ya cc 1098, kabureta moja (kifaa cha kuchanganya hewa na petroli) ya Kiingereza, chapa ya SU, aina ya HS2. Mwezi uliopita ikaanza kumisi asubuhi. Nikaelekezwa kwa jamaa mmoja anayefuata wateja majumbani, maneno yake matamu kama halua. Kafungua boneti, kaomba maji ya kunywa. Narudi na gilasi, gari inatoa moshi mweusi! Kachomoa plagi: masizi matupu. "Kaka, jeti imekufa hii." Jeti ndiyo kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta. Kabureta nzima mpya anayo, ndani ya boksi. Laki nne na nusu, na ya zamani nimwachie akaitupe.

Nikalipa. Gari ikatulia siku nne. Ya tano, njia ya Bububu, kila nikiachia mafuta inazima.

Mzee wangu wa Ng'ambo, fundi wa tangu zama za baba, alicheka kwanza. Kwenye SU, nati ya chini ya jeti ukiishusha mafuta yanazidi, ukiipandisha yanapungua. Basi mimi niko jikoni, yule jamaa kaizungusha pande kadhaa, plagi zikawa nyeusi. Hiyo "mpya" tulipoifungua, ni chakavu iliyopakwa rangi ya fedha. Shafti ya kipepeo, kile kilango cha hewa, inacheza kwenye bushi na kuvuta hewa, mwanya kauziba kwa grisi, petroli ikaiosha. Sindano nayo, inayopima petroli ndani ya jeti, ina herufi nyingine, wakati ya 1098 ni AN.

Lililoniuma zaidi ni hili. Juzi rafiki yangu wa Mwanakwerekwe kaniita nimuonee SU yake "mpya", kainunua kwa mtu huyo huyo. Kwenye kopo la pistoni ya kabureta yetu, baba alikwaruza herufi mbili kwa msumari, na ndizo hizo. Rangi imezifunika, lakini ukipitisha ukucha unazihisi.

Akija kwenu (hana gereji, hatoi risiti, ya zamani lazima aondoke nayo), musimwache peke yake na boneti wazi. Kwanza apime mwanya wa pointi za kuwashia cheche, milimita 0.4, na wa valvu, 0.3, kabureta huguswa mwisho. Kisha injini ikiwa ya moto, inueni pistoni ya kabureta kwa kile kipini cha pembeni yake, kidogo tu, haifiki hata milimita moja. Mngurumo ukipanda ukabaki juu, mafuta ni mengi. Ikitaka kuzima, ni machache. Ukipanda kidogo ukarudi, iko sawa, hapo hamna cha kuuziwa.

Rafiki yangu kanirudishia ya baba. Nimemlazimisha apokee nusu ya alicholipa, maana naye kaibiwa.

Kama ulimwachia yako, niambie ilikuwa na alama gani. Huenda muda huu inanguruma ndani ya gari ya mwenzetu.