Besi ya Kununua Mwanza: Anzia Shingoni

Wapiga gitaa la besi wa kwaya wanaoniandikia kutoka Nyakato, Igoma hadi Sengerema wanalia kilio kimoja: gitaa lilikuwa zuri dukani, masika yalipopita nyuzi zikaanza kugonga freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), na ukipanda juu ya shingo sauti hailingani na kinanda. Rangi na umbo mtachagua wenyewe. Mimi nataka tuzungumze shingo.

Nyuzi nne za besi zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70. Kinachoshindana nazo ni fimbo ya chuma iliyopita ndani ya shingo. Mbao hunywa unyevu, na huku ziwani unyevu haukosekani. Shingo ikipinda, fimbo hiyo ndiyo hukazwa au kulegezwa. Kwenye magitaa mengi ya bei ya chini nati ya fimbo hiyo imeliwa pembe au haigeuki kabisa, na hapo fundi hana la kufanya. Kwa hiyo bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ya pale shingo inapoungana na mwili, halafu tazama freti ya saba: pawe na upenyo mwembamba, kama unene wa kadi. Pakiwa wazi sana, muuzaji alete spana ya pembe sita aigeuze nati robo mzunguko mbele yako. Akikataa, ondoka.

Chaguo langu la kwanza ni Yamaha TRBX174, na naipendelea waziwazi. Haitumii betri, hivyo haikuzimikii katikati ya ibada. Pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya kati inatoa sauti nene. Ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini, inatoa sauti kali inayopenya kelele za ngoma.

Ya pili ni Squier, chapa ya kampuni ya Fender, ya muundo wa Precision. Pikapu yake imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo wa umeme, ubunifu wa Fender wa 1957. Kanisa linalotumia jenereta litaipenda.

Ibanez GSR200 ina shingo nyembamba, inafaa vidole vifupi, ila inatumia betri, nayo inaisha ukiacha waya umechomekwa.

Zisizo na jina? Chukua ambayo nati yake inageuka.

Kinachoniuma ni wauzaji. Bei inapandishwa kwa sababu ya "usafiri kutoka Kariakoo", lakini gitaa linaanikwa juani dirishani, nyuzi zina kutu, na hawakuruhusu kuchomeka amplifaya mpaka ulipe. Fedha hizo waumini wamezichanga kidogokidogo. Nenda na waya wako, na usitoe hata shilingi kabla hujalisikia.