Redio ya zamani, bluetooth mpya: mbona sauti inapaa ghafla?

Mambo vipi wadau, leo nipo ndani ya Benz langu hili W123 la 1982, redio ni ileile lililokuja nayo, mono (sauti ya upande mmoja tu), nobu mbili na vibonyezo vya stesheni, na siing'oi hata mafundi waseme nini. Nilichofanya nimeifungua tumbo nikaipachika kijibodi cha bluetooth, yaani kisakiti cha kupokea sauti kutoka kwenye simu, hiki hapa, kidogo kuliko kiberiti, kinakula volti 5, nimekitoa Kariakoo.

Sasa kwa ubora wa sauti sina neno, kiko safi. Tatizo ni ukubwa wa sauti. Juzi nimempakia mama mkwe, tupo foleni ya Mandela, tunasikiliza taarifa ya habari kwa utulivu, nikahamisha kwenda bluetooth nimuwekee taarab, aisee spika ziliruka, mama kamwagikiwa na chai ya chupa anauliza "baba, gari limelipuka?"

Nikachukua multimita nikapima pale sauti inapoingia kwenye nobu ya volyumu. Mtangazaji akisoma habari inachezacheza kwenye milivolti 200, bluetooth simu ikiwa ful inafika 700. Yaani mara tatu na nusu! Utaniambia si upunguze simu, sawa, ila kila ukipokea simu au mtoto akishika simu yako mnarudi kulekule. Na redio huwezi kuipandisha, kwa hiyo yenyewe ndo kipimo, hiki kingine ndo kinashushwa.

Dawa ni rizista tatu tu, vile vidude vya kuzuia umeme kiasi, za bei ya maandazi. Redio ni mono, kwa hiyo sauti ya kushoto na ya kulia ya bodi kila moja ipite kwenye rizista yake ya kilo-om 10 halafu ndo zikutane, usizifunge pamoja kavukavu, utaumiza bodi, zile pande mbili zitakuwa zinasukumana. Pale zinapokutana unashusha rizista ya tatu kwenda graundi, yaani upande wa hasi. Hiyo ya tatu nilianza na kilo-om 4.7, sauti ikabaki kama nusu, desibeli 6 chini, bado inanipigia kelele. Nikaitoa nikaweka 2.2, ikabaki kama theluthi, desibeli 10 hivi, ikakaa. Mwisho malizia kwa sikio, na tumia mtu anayeongea pande zote mbili, usitumie muziki maana nyimbo zenyewe hazilingani.

Kulikuwa na kimluzi pia ukikanyaga mafuta, kinapitia kwenye umeme wa bodi, nikaweka kale kakonveta ka umeme ka volti 5 kwenda volti 5 kanakotenganisha graundi, kikakata.

Kijibodi nakipa 7 kwa 10. Hizo 3 nimezikata kwa sababu ya ile sauti ya dada iliyorekodiwa ndani ya bodi, anayetangaza kwamba simu imekonekti, yeye hafuati volyumu ya simu wala hana adabu, hata baada ya rizista zote hizo bado ndo mwenye sauti kubwa kuliko wote humu ndani.