Kutuma vikapu ng'ambo kutoka Kisumu: kabla ya kuchagua huduma, pima tumbo la katoni

Nilipotuma vikapu vya gugumaji kwa mteja aliye Uingereza, mizani ya wakala mmoja hapa mjini ilionyesha kilo 4, lakini risiti ikaandikwa kilo 19.5. Karani alinieleza kwamba hewa nayo hulipiwa, na la kuudhi ni kwamba hakukosea.

Kampuni za usafirishaji wa haraka huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5000. Jibu likizidi uzito wa mizani, unalipia jibu hilo. Katoni yangu ilikuwa ya 50 kwa 40 kwa 40, yaani kilo 16. Zilizozidi zilitokana na tumbo: nilikuwa nimenunua katoni kuukuu pale sokoni Kibuye, kadibodi yake imelegea, nami nikashindilia vikapu mpaka pande zikafura, na kwa kuwa kipimo huchukuliwa palipojitokeza zaidi, kila 40 ikawa 44. Siku hizi sifungi selotepu kabla ya kulaza rula juu ya kila upande. Rula ikibembea, natoa kikapu kimoja.

Kwangu DHL ndiyo ya kwanza, na upendeleo huo siufichi. Kigawanyo chake cha 5000 kiko wazi, na sehemu ya kilo hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata, hivyo hesabu naimaliza mezani kwangu. Vikapu vilevile, vikipachikwa kimoja ndani ya kingine katika katoni mpya ya 40 kwa 40 kwa 30, huwa kilo 9.6 na kulipiwa 10. Ya pili ni pakiti ndogo ya Posta, inayolipiwa kwa uzito wa mizani mradi isizidi kilo 2, jumla ya vipimo vyake vitatu isipite sentimita 90, na upande mrefu usipite 60. Kikapu kimoja chepesi hakina njia bora zaidi, ukiwa na subira. Mawakala wa shehena za ndege, ambao kwa kawaida hugawanya kwa 6000, nawaweka wa tatu, kwa mizigo mikubwa tu. Kufikisha katoni Nairobi kwa basi la usiku ni rahisi, lakini bei hukadiriwa kwa jicho.

Kinachonikera bado ni kwamba ukipiga simu kuuliza bei, mawakala hukuuliza kilo pekee, ilhali wanajua fika kwamba si mizani itakayoamua. Yule wangu hakuutoa utepe wa kupimia mpaka katoni ilipokwisha kukazwa kwa mikanda ya plastiki, na mikanda hiyo nayo nilitozwa.